Nipo nyumbani lakini nipo kazini: je, nilipie meza kwenye ofisi ya pamoja?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 36, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu. Mwaka juzi niliacha kazi katika kampuni moja ya ukaguzi wa hesabu nikajiajiri, na kwa sasa ninatunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo: duka la vifaa vya ujenzi, zahanati, shule ya msingi ya binafsi na wengine wachache. Kazi ipo, namshukuru Mungu, na wateja wanalipa, ingawa si wote kwa wakati. Shida yangu ni mahali pa kuifanyia.

Meza yangu ipo kwenye kona ya sebule. Kwa kuwa ninashinda nyumbani, mimi ndiye ninayepokea mtungi wa gesi, ninayenunua umeme wa LUKU ukiisha, ninayefungua geti na ninayekaa na mgeni akija. Mama mkwe wangu ni mtu mwema na hajawahi kunisema vibaya, lakini akinikuta nimeinamia kompyuta huniambia, "Mwanangu, maadamu upo tu, hebu nisaidie hili." Mwezi uliopita umeme ulikatika tarehe 20 mchana nikiwa sijawasilisha ritani ya mteja, yaani taarifa yake ya kodi, bando nalo limeisha, ikanibidi nikimbilie kwa jirani mwenye jenereta nikiwa na kanga na kompyuta kwapani. Wiki hiyo hiyo mteja alileta nyaraka zake nyumbani, akakuta watoto wanaangalia katuni kwa sauti ya juu, akaniuliza kama nina "ofisi yenyewe" mahali pengine.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kulisema, nalo ni upweke. Kule nilikotoka nilikuwa na wenzangu wa kuwauliza, "Hili wewe ungelifanyaje?" Sasa swali dogo la kodi linaweza kunisumbua siku nzima kwa sababu tu sina mtu wa kulijadili naye.

Rafiki yangu alinipeleka kuona ofisi ya pamoja huko Mikocheni, ambapo watu waliojiajiri wanalipia meza. Ni pazuri, pana jenereta na intaneti ya kasi, na meneja alizungumza sana kuhusu "jamii" ya wanachama wao. Malipo ni shilingi 320,000 kwa mwezi na amana ya mwezi mmoja, au 25,000 kwa siku moja moja. Nikilipa mwaka mzima kabla ya mwisho wa mwezi huu nitapunguziwa miezi miwili, yaani nitatoa 3,200,000. Hata hivyo, niliowaona pale ni vijana wa programu za simu, wamevaa fulana, wanazungumza kuhusu wawekezaji, nami nikajiona kama mama aliyekosea mlango. Mume wangu hajakataa, ila ameuliza kwa nini tulipie meza wakati meza ipo sebuleni. Isitoshe, mtu niliyefanya naye kazi zamani alilipa amana katika ofisi ya namna hiyo, ikafungwa, na fedha zake hazikurudi. Nifanye nini?

Mhasibu wa Tabata


Dada yangu Mhasibu,

Unayo matatizo matatu, na meneja wa Mikocheni ameyaweka yote katika fungu moja na kuyapangia bei moja. La kwanza ni zana za kazi, yaani umeme, intaneti, meza na chumba cha kumpokelea mteja. La pili ni mipaka ndani ya nyumba yako. La tatu ni wenzako wa taaluma. Fedha yako inaweza kununua lile la kwanza peke yake, na hata hilo huhitaji kulinunua kwa siku thelathini.

Nianze na kalenda yako, kwa maana una bahati ambayo mchoraji au mwandishi aliyejiajiri hana: kazi yako ina tarehe zinazojulikana. Kodi ya mishahara ya wateja wako inatakiwa ilipwe kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani mwisho wake ni tarehe 20. Ukichukua siku chache kabla ya kila tarehe kati ya hizo mbili, ukatoa Jumamosi na Jumapili, utaona kwamba siku ambazo kukatika kwa umeme au kuitwa getini kunaweza kumletea mteja adhabu ya kuchelewa hazizidi nane au tisa kwa mwezi. Kwa bei ulizonitajia, siku nane ni shilingi 200,000, na ni hadi ufikishe siku ya kumi na tatu ndipo malipo ya mwezi yanapoanza kuwa nafuu kwako. Siku zilizobaki, ambazo ni za kuingiza stakabadhi na kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki, zinaweza kufanyika nyumbani bila madhara makubwa. Na pale Julai inapofika na Sheria ya Fedha mpya ikahitaji kusomwa kwa utulivu, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed imekuwa ikipokea wasomaji tangu mwaka 1967. Ubaya wake ni kwamba simu ya mteja itabidi utoke nje kuipokea.

Hesabu hiyo ndiyo ya kumpelekea mume wako. Swali lake ni la haki, na kumjibu kwa kueleza jinsi unavyojisikia hakutakusaidia kama kumwekea mezani karatasi moja yenye nauli, chakula cha mchana na malipo ya siku nane upande mmoja, na upande wa pili ada ya mteja mmoja ambaye ungeweza kumchukua lakini ulimwacha kwa kukosa muda au mahali pa kumpokea. Kama upande wa pili haufiki, basi yeye ndiye aliye sahihi kwa sasa, na subiri. Ukilipa, dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kila siku, maana gharama isiyo na risiti wewe mwenyewe usingeipokea kwenye vitabu vya mteja.

Kabla ya kulipa chochote, rudi pale siku ya kazi isiyo na utaratibu wa kutembeza wageni, saa nne au saa tano asubuhi, ulipie siku moja na ukae ufanye kazi halisi. Uliza jenereta inabeba nini: mara nyingi hubeba taa na intaneti, viyoyozi vikazimwa, na chumba chenye madirisha ya vioo kikawa hakikaliki ifikapo saa nane. Uliza chumba cha mikutano kinalipiwa kwa saa au kimo ndani ya bei, kwani kwako wewe chumba hicho kina thamani kuliko meza. Angalia kiti utakachokalia kimeelekea wapi na nani anapita nyuma yako.

Hili la nani anapita nyuma yako nalitilia mkazo, na nashangaa kwamba hukulitaja kabisa. Unashika mishahara ya walimu na hesabu za zahanati, ambazo huenda zina majina ya wagonjwa na huduma walizopewa. Kanuni za maadili ya taaluma yako, ambazo NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, inazisimamia, zinakutaka utunze siri ya mteja popote ulipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitofautishi kati ya taarifa zilizovuja sebuleni na zile zilizovuja kwenye ofisi ya kulipia. Niliwahi kukaa katika ofisi ya aina hiyo nikimsubiri mtu, na kwenye trei ya printa ya pamoja kulikuwa na orodha ya mishahara ya kampuni fulani, majina na viwango, karatasi ikiwa imelala kifudifudi. Kila aliyekuja kuchukua karatasi zake aliigeuza aone kama ni yake, akaisoma zaidi kidogo kuliko alivyohitaji, kisha akairudisha. Kwa hiyo nyaraka zenye majina ya watu chapisha nyumbani, tumia intaneti ya simu yako unapoingia kwenye akaunti ya benki ya mteja, pata kabati lenye ufunguo hata kama linalipiwa, na usizungumze kwa simu kuhusu deni la mtu ukiwa katikati ya ukumbi. Ikiwa pale Mikocheni hapana kabati wala kibanda cha kuzungumzia simu, basi hapafai kwa mhasibu, hata kama kahawa yao ni nzuri namna gani.

Kuhusu amana na mkataba, sitakaa sana. Mwenye ofisi ya pamoja kwa kawaida naye ni mpangaji, amekodi ghorofa kwa mkataba mrefu na kuwakodishia ninyi kwa vipande vifupi. Wateja wakipungua, kodi ya jengo haipungui, na hapo ndipo amana za watu hupotea. WeWork, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 2010 na kuenea katika miji mingi ya dunia, ilibanwa na mikataba ya namna hiyo hadi Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake. Kama jitu la kiasi kile limeyumba, sioni sababu ya wewe kumkopesha mtu wa Mikocheni shilingi 3,200,000, kwa sababu kulipa mwaka mzima kabla ni kumkopesha, tena bila dhamana. Ikitokea siku moja ukachukua meza ya mwezi, soma kifungu cha kurejeshewa amana na muda wa kutoa taarifa ya kuondoka. Uliza pia kama mkataba wao unaweza kutumika kuthibitisha mahali pa biashara unapohuisha leseni, maana wapo wanaouza meza lakini hawataki anwani yao itumike.

Sasa nije kwenye fulana za wale vijana. Hukukosea mlango, ila mlango huo kweli ulitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Katika ukanda wetu ofisi hizi zilikuja zikiwa zimefungamana na teknolojia: iHub ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 2010 kwenye Barabara ya Ngong kwa ajili ya watengenezaji wa programu, na hapa Dar es Salaam kituo cha Buni kilikaa chini ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama kikiwalea vijana wabunifu. Ndiyo maana hata leo ukiingia unasikia habari za wawekezaji kabla ya habari za wateja. Lakini fikiria upande wa pili wa jambo hilo. Wale vijana wamesajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, wengi wao hawakumbuki ritani ya mwaka mpaka wadaiwe faini, wameajiri watu wawili watatu bila kukata kodi ya mishahara, na hakuna hata mmoja pale ukumbini mwenye cheti chako. Usijitembeze ukiwauzia huduma. Kaa tu, na swali la kwanza litakufikia kabla ya wiki kwisha. Litakapokuja, jibu la dakika tano ni ujirani mwema, la nusu saa ni kazi yenye ankara, na mpaka huo uuweke siku ya kwanza kwa upole. Usipouweka, utakuwa umehama kutoka nyumba ambako watu wanasema "maadamu upo tu" na kwenda ofisi ambako watu wanasema hivyo hivyo, nawe unalipia.

Upweke wako, hata hivyo, hautatibiwa na vijana hao, na hapa ndipo ninapotofautiana na meneja wako. Mtu anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa ofisi hizi ni Brad Neuberg wa San Francisco, ambaye mwaka 2005 alikodi ukumbi kwa siku mbili tu za wiki kwa sababu alitaka uhuru wa kujiajiri bila kupoteza ushirika wa kuwa na wenzake. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Alikwenda, akapanga meza, akakaa peke yake, na aliendelea kwenda zile zile siku mbili hadi watu wakaanza kufika. Naisimulia habari hiyo kwa sababu inaonyesha ushirika ulitokana na nini: siku zinazojulikana na mtu anayekuja bila kukosa. Mahali ambapo wanachama wanakuja kila mmoja siku yake, akiwa na spika za masikio masikioni, panaweza kuwa na meza hamsini na pasiwe na watu wawili wanaojuana majina.

Wewe unahitaji watu wanne au watano, si zaidi, na wasiwe wote wahasibu. Tafuta wakili anayejitegemea, mkadiriaji majenzi, mtafsiri, mwanamke au mwanamume, mradi ni mtu anayefanya kazi peke yake na anayelipwa na wateja. Watatu kati yao nina hakika unawajua tayari, pengine mmoja mlisoma naye na mwingine mnasali pamoja. Chagueni siku moja, tuseme Alhamisi, mkutane mahali pamoja, mfanye kazi asubuhi nzima kila mtu na yake, kisha mle pamoja mchana, na katika chakula hicho kila mmoja aseme anakwama wapi: mteja asiyelipa, bei asiyoijua kama ni ndogo mno, kazi anayoogopa kuikataa. Wapo watu waliojitegemea miaka kumi bila kujua wenzao wanatoza kiasi gani, wakawa wanajipunja kwa heshima tu. Ombi langu moja ni kwamba msianze na mchezo wa fedha. Najua tunavyopenda kupeana zamu mara tu tunapokuwa watano, lakini mtu akikosa zamu yake mwezi wa tatu ataona haya kuja Alhamisi, na ninyi mtapoteza mwenzenu pamoja na fedha.

Kati ya hao, hakikisha mmoja ni mhasibu mwenye sifa kama zako, kwa sababu ambayo barua yako haikuigusa, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko sebule na jenereta. Ukilazwa hospitali tarehe 17, nani atawasilisha ritani za wateja wako tarehe 20? Katika kampuni ya ukaguzi hilo halikuwa tatizo lako. Faili lingehamia meza ya jirani. Leo faili lipo kwenye kompyuta yako na nywila zipo kichwani mwako. Kaa na mhasibu huyo mmoja, mwandikiane makubaliano ya ukurasa mmoja kwamba kila mmoja atamkaimu mwenzake kwa dharura, kwa malipo mtakayokubaliana, na kwamba hatamchukua mteja wa mwenzake ndani ya muda fulani baada ya kumkaimu. Kisha waeleze wateja wako na wapate kuridhia kwa maandishi, kwa kuwa siri ni yao. Wengi watafurahi, na yule aliyekuuliza kama una "ofisi yenyewe" ataona kwamba unayo, hata kabla hujapata mlango wa kuandika jina.

Ikiwa watu hao watapatikana na wakaishi upande wako wa jiji, fikirieni pia chumba kimoja cha kukodi pamoja huko huko Tabata au Buguruni. Ubaya wake mnaufahamu, kwamba wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na umeme ukikatika jenereta ni lenu. Uzuri wake ni kwamba hutapanda daladala mbili kwenda Mikocheni, na mteja wa duka la vifaa vya ujenzi atakufikia bila kuuliza getini. Msiharakishe kufanya hivyo kabla ya kukutana Alhamisi za kutosha kujua nani analipa madeni yake.

Kuhusu nyumbani: meza ya kulipia haitakuokoa huko, kwani kuna simu, na utapigiwa Mikocheni kuulizwa mtungi wa gesi umewekwa wapi. Mwambie mume wako azungumze na mama yake, yeye mwenyewe, wewe ukiwa haupo, kwa sababu maneno hayo hayo yakitoka kwako yatakuwa malalamiko ya mkwe. Asiseme kwamba mama anasumbua. Aseme kwamba kuanzia saa tatu mpaka saa nane mkewe yuko kazini, kwamba ada ya shule ya wajukuu inatokana na kazi hiyo, na kwamba LUKU itanunuliwa jioni na yeye. Wewe kwa upande wako hamisha meza kutoka sebuleni, hata ikibidi iingie chumbani kwenu, na vaa kama mtu aliyetoka. Mama mkwe wako anakuhukumu kwa kile anachokiona, na kwa sasa anaona binti aliyekaa sebuleni na kanga.

Ofa ya mwisho wa mwezi iache ipite. Mpigie meneja umwambie unataka siku nane kwa mwezi, nne kabla ya tarehe 7 na nne kabla ya tarehe 20, pamoja na saa mbili za chumba cha mikutano na kabati lenye ufunguo, na umuulize atakutoza kiasi gani kwa mkataba wa miezi mitatu unaolipwa mwezi kwa mwezi. Akikubali kushuka chini ya 200,000, jaribu. Akisema hawana utaratibu huo, lipia siku moja moja, na utafute mhasibu wa kukukaimu kabla ya tarehe 20 ijayo.